Roald Dahl: Rubani aliyeshushwa na kichwa chake

WAZAZI wa Magogoni, Kisauni, wanaowanunulia watoto wao vitabu vya Roald Dahl, pengine hawajui kwamba mwandishi huyo aliwahi kupita karibu na mlango wao. Alishuka Mombasa mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 22, mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, kisha akapanda chombo kidogo kilichompeleka Dar es Salaam. Huko alijifunza Kiswahili, na huko ndiko Vita vya Pili vya Dunia vilikomkuta.

Alizaliwa Llandaff, Wales, tarehe 13 Septemba 1916, wazazi wake wakiwa Wanorway. Mnamo Novemba 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Alikuwa na urefu unaokaribia mita mbili, na kumwingiza mtu wa kimo hicho katika kiti cha ndege ndogo ya mafunzo hakukuwa kazi rahisi. Wanafunzi walikuwa 16. Miaka miwili baadaye, 13 kati yao walikuwa wamekwisha kuuawa.

Hesabu hiyo yafaa ikumbukwe kila inapoulizwa kwa nini marubani wa kijeshi huacha kazi. Siku hizi wako wanaovutwa na mishahara minono ya mashirika ya abiria, na wako waliochoka kuishi mbali na familia zao. Wengi wa wenzake Dahl hawakuwahi kufikia hatua ya kuchagua.

Yeye mwenyewe nusura aage dunia kabla ya kumwona adui. Tarehe 19 Septemba 1940 aliamriwa aipeleke ndege aina ya Gladiator kwa Kikosi cha 80 katika jangwa la Misri. Hakuwa amewahi kuirusha ndege ya aina hiyo. Alifika mahali alipoelekezwa, akazunguka, asione kambi wala hema. Jua lilikuwa likizama na mafuta yakipungua, akalazimika kutua mchangani. Ndege iligonga jiwe ikawaka moto. Alijivuta nje akiwa na ufa katika fuvu la kichwa, pua imepondeka, macho hayaoni. Uchunguzi ulibaini baadaye kwamba mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi chochote.

Alilazwa hospitalini Alexandria kwa miezi kadhaa. Madaktari walidhani hatarusha ndege tena, lakini Februari 1941 akapewa ruhusa. Aprili alikuwa Ugiriki, akipigana kwa ndege za Hurricane chache mno dhidi ya Wajerumani waliojaa angani. Alisalimika, tena akahesabiwa kuwa ameangusha ndege zisizopungua tano.

Kilichomshinda si adui. Akiwa Haifa, kila alipoikata kona kwa kasi wakati wa mapambano, kichwa kilimuuma kupita kiasi na mara nyingine akapoteza fahamu. Rubani anayezirai angani ni hatari kwake na kwa wenzake. Katikati ya mwaka huo wa 1941 akarudishwa kwao, akiwa bado na hamu ya kurusha ndege.

Mwaka 1942 alitumwa Washington kuwa msaidizi wa mwambata wa jeshi la anga. Mwandishi C. S. Forester alimwomba amsimulie habari za vita. Dahl akaziandika mwenyewe, nazo zikachapishwa Agosti mwaka huo katika jarida la Saturday Evening Post. Kichwa cha makala kilidai kwamba alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa, wala hapakuwa Libya. Ulikuwa uwongo wenye manufaa, kwani Uingereza ilihitaji mashujaa wa kuwaonyesha Wamarekani, na kosa la maelekezo halimpi mtu ushujaa.

Aliachishwa rasmi jeshini mwaka 1946 kwa sababu za afya. Ukweli wa ajali ile aliueleza kinagaubaga katika kitabu chake cha mwaka 1986, kinachoanzia safarini kuja Mombasa na kuendelea hadi siku aliporejea kwa mama yake. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, mjini Oxford, akiwa na umri wa miaka 74.