Mtakatifu Augustino, Mwalimu Aliyeujua Moyo wa Mtu

Katika yubile hii twawakumbuka waliotutangulia katika imani, na mmoja wao ni mwana wa Afrika, Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Mama yake, Monica, alikuwa Mkristo. Baba yake, Patricius, hakubatizwa ila karibu na kufa kwake.

Shuleni alipigwa, akaichukia lugha ya Kiyunani. Alipokuwa na miaka 16 aliiba mapeasi usiku pamoja na wenzake, wala hawakuwa na njaa. Mengi wakawatupia nguruwe. Baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, alilipima sana jambo hili, akaona ya kuwa peke yake asingaliiba. Nasi walimu na tujue: mtoto akikosa, tusiutazame mkono wake tu, bali na wale anaofuatana nao.

Akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno huko Carthage, Roma na Milan. Akili yake ilikwisha kusadiki, lakini moyo ulikawia, kwa maana tamaa isiyozuiwa huwa mazoea, na mazoea yasiyopingwa huwa mnyororo. Ndipo mwaka 386 Mungu akamfungua, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Askofu Ambrose. Monica, aliyemwombea miaka mingi kwa machozi, akafa mwaka ule ule huko Ostia, hali ameona alichokiomba.

Mwaka 391 Augustino alipewa upadre mjini Hippo, kisha uaskofu, akauchunga mji ule zaidi ya miaka 30. Siku zile shemasi mmoja wa Carthage, jina lake Deogratias, alimlalamikia ya kuwa mafundisho yake ya dini humchosha hata yeye mwenyewe. Augustino hakumkemea. Alimtungia kitabu, akikiri ya kuwa naye hakupendezwa na maneno yake mwenyewe. Alimwonya afundishe kwa furaha. Msikilizaji akichoka kusimama, apewe mahali pa kuketi. Na yale tuliyoyazoea yatakuwa mapya kwetu tukimpenda ayasikiaye mara ya kwanza, kama vile mtu amwonyeshapo mgeni mji wake.

Ndugu makatekista, ni nani kati yetu asiyejua uchovu ule? Dawa yake si elimu nyingi, ni upendo.

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiuzingira mji. Kitandani aliamuru zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani, akazisoma akilia. Mwalimu huyu mkuu hakujihesabu kuwa amekwisha kufika. Basi nasi, tuhimizapo wema kwa wengine, tusiache kuutafuta mioyoni mwetu mpaka mwisho.