Johann Joachim Kändler, mfinyanzi wa ndege wa kauri

Mwezi Juni 1731, mchongaji kijana Johann Joachim Kändler alihamishwa kutoka Dresden kwenda mji jirani wa Meissen, katika jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 25, naye hakuwa amezoea kazi ya kauri. Aliyempeleka ni August Mwenye Nguvu, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, ambaye alitaka kulijaza Jumba lake la Kijapani wanyama na ndege wa kauri wenye ukubwa wa viumbe halisi.

Kändler, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alizaliwa mwaka 1706 katika kijiji cha Fischbach, akajifunza ufundi kwa Benjamin Thomae, mchongaji wa mfalme.

Kiwandani alimkuta Johann Gottlieb Kirchner, aliyemtangulia katika kazi ya wanyama. Sanamu ya kifaru iliyofinyangwa na Kirchner ilifuata mchoro wa mwaka 1515 wa Albrecht Dürer, ambaye hakuwahi kumwona kifaru; ndiyo maana mnyama huyo amevikwa magamba mfano wa deraya za askari na ana kijipembe cha ziada mabegani. Aliyemwona kifaru porini hawezi kujizuia kutabasamu. Kändler alishika njia nyingine: aliwatazama ndege hai katika bustani za wanyama za mfalme, pamoja na waliokaushwa katika hifadhi zake. Mwari wake anammeza samaki, na koo limevimba kama inavyotokea kweli.

Sanamu hizo kubwa zilipasuka mno katika tanuri. August alipofariki Februari 1733, jumba lilikuwa halijakamilika. Mwaka huohuo Kirchner aliondoka, na Kändler akawa mkuu wa wafinyanzi. Ndipo alipoongeza bidii katika ndege wadogo wa kupamba meza na makabati: kasuku, bundi, vigogota.

Kwa wanaokusanya sanamu za kale, ndege hao ni mtihani mgumu, na kosa moja laweza kugharimu fedha nyingi. Alama ya panga mbili za buluu zilizopishana, inayochorwa chini ya sanamu, inataja kiwanda cha Meissen, si mkono wa fundi. Isitoshe, imeigwa na viwanda vingi. Ushahidi ulio bora uliachwa na Kändler mwenyewe, aliyeandika taarifa za kazi yake mwezi kwa mwezi, akieleza kila ndege alivyokaa na alivyopambwa. Ipo pia orodha ya kazi alizofanya nje ya saa za kawaida kati ya 1740 na 1745. Bila karatasi hizo, ingekuwa vigumu kuitenga kazi yake na ya wasaidizi wake, Johann Friedrich Eberlein aliyeingia kiwandani mwaka 1735 na Peter Reinicke aliyefuata mwaka 1743.

Hata hivyo, taarifa humtaja aliyebuni tu. Kändler alifinyanga kielelezo cha udongo. Kutokana nacho zikatengenezwa kalibu za plasta, kisha mafundi wasiotajwa majina wakaunganisha mabawa, miguu na midomo. Kalibu hizo zilitumika kwa vizazi vingi, hivyo kasuku aliyebuniwa naye anaweza kuwa ametoka tanurini miaka 100 baada ya kifo chake. Namba zilizochimbwa chini ya sanamu husaidia hapo, kwani utaratibu huo ulienea hasa baada ya 1763.

Vita vya Miaka Saba vilipoanza mwaka 1756, jeshi la Prussia liliiteka Saxony, na kiwanda kikayumba. Ndoto kuu ya Kändler, sanamu kubwa ya kauri ya mfalme August III akiwa juu ya farasi, haikutimia. Kilichobaki ni kielelezo chake kidogo, kilichohifadhiwa Dresden. Mwaka 1764 aliajiriwa Michel Victor Acier kutoka Paris, na mzee huyo akalazimika kugawana naye madaraka.

Alifariki Meissen tarehe 18 Mei 1775, akiwa bado mtumishi wa kiwanda. Kalibu zake zilibaki kazini.