Thoralf Skolem na Namba za Ng'ambo

Katika shule za Temeke na Kinondoni mtoto huanza hesabu kwa vijiti na vizibo vya soda. Huambiwa kwamba akianzia sifuri akaenda hatua moja moja, hakuna namba itakayomponyoka. Sisi tulifundishwa hivyo, na chuoni kwa maalim tulivuta tasbihi kwa imani hiyo hiyo. Inafaa basi wasomaji wetu wamjue mtu aliyeitia imani hiyo katika mizani.

Thoralf Skolem alizaliwa Norwei mwaka 1887, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi katika ukoo wa wakulima. Aliingia Chuo Kikuu mwaka 1905, mwaka ambao nchi yake ilijitenga na Uswidi, na huku kwetu vita vya Majimaji vikaanza. Akawa msaidizi wa mwanafizikia Kristian Birkeland, akafuatana naye hadi Sudan katika majira ya 1913 na 1914 kuchunguza nuru hafifu ya angani. Shahada ya udaktari hakuiona kuwa na haraka. Aliipata mwaka 1926, jina lake likiwa limekwisha kujulikana. Hilo linatupendeza, maana tunawajua wengi walioanza na cheti wakaishia kwenye cheti.

Mwaka 1934, katika jarida moja la Poland, alithibitisha jambo la ajabu. Andika kweli zote za kujumlisha na kuzidisha, usibakize hata moja, mradi zizungumzie namba zenyewe wala si seti za namba. Bado kweli hizo zitatimizwa na mfumo mwingine, wenye sifuri, moja, mbili na nduguze zote, na ng'ambo yao namba nyingine zilizo kubwa kuliko kila moja ya hizo. Namba za ng'ambo nazo zina shufwa na witiri. Kila moja ina inayoitangulia na inayoifuata. Lakini ukirudi nyuma kutoka mojawapo, hatua zozote zinazohesabika hazikufikishi sifuri. Na katika yote uliyoandika, hakuna sentensi hata moja iwezayo kuzifukuza.

Kurt Gödel alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1931, kwamba kanuni teule haziwezi kuthibitisha kila kweli ya hesabu. Skolem akaonyesha kwamba hata kweli zote zikikusanywa, hazitoshi kuzitenga namba zetu peke yake.

Makala zake nyingi, hata hivyo, zilitoka katika majarida ya Norwei ambayo wakubwa wa Ulaya hawakuyapitia, na baadhi ya matokeo yake yakagunduliwa upya na wengine. Sisi wa nchi changa hatuhitaji kuelezwa uchungu wa kazi kuhesabiwa haipo kwa sababu imechapishwa nyumbani.

Alistaafu mwaka 1957, akaendelea kuandika, na akafariki Oslo mwezi Machi 1963. Miaka michache kabla ya hapo Abraham Robinson alikuwa amekwisha kuichukua njia hiyo ya ng'ambo, akaitumia kuzipa msingi halali zile namba ndogo kupita kiasi ambazo Leibniz alizitumia katika karne ya 17.