Francis Frith, Mpiga Picha wa Nchi Takatifu

Wasomaji wetu wengi wameona, katika shule ya Jumapili au ukutani mwa nyumba, picha ya Yerusalemu au ya piramidi za Misri. Siku hizi kupata picha ya namna hiyo si kazi. Lakini zamani palikuwa na mtu aliyetaabika sana ili wasioweza kusafiri waione nchi ya Biblia kama ilivyo, wala si kama wachoraji walivyoiwaza. Mtu huyo ni Francis Frith, na mwezi huu twapenda kuwasimulia habari zake.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1822 katika mji wa Chesterfield, nchi ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa Chama cha Marafiki, waitwao pia Quaker, ndio wale ambao wamisionari wao walianza kazi Kaimosi, nchi ya Kenya, mwaka wa 1902. Sisi Walutheri tumeachana nao katika mambo makubwa, kwa kuwa wao hawabatizi kwa maji, wala hawana Chakula cha Bwana kwa mkate na divai. Hata hivyo twawasifu kwa kuwa walijulikana kuwa watu wa kweli katika maneno na katika biashara.

Kijana Francis aliwekwa Sheffield, mji wa wafua visu, ajifunze kazi ya biashara. Mwaka wa 1843 nguvu za moyo wake zikamwishia, akaugua kadiri ya miaka miwili. Alipopona alikwenda Liverpool, akafanya biashara ya jumla ya vyakula, na faida ikawa nyingi. Huko huko, mwaka wa 1853, alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha wapiga picha. Hata alipokuwa hajatimiza miaka 35, akauza biashara yake. Mali ilimtosha, angaliweza kukaa raha mustarehe. Yeye akachagua safari.

Kati ya mwaka wa 1856 na 1860 alisafiri mara tatu katika Misri, Sinai, Palestina na Shamu. Safari ya mwisho aliufuata mto Nili hata hekalu la Soleb katika Nubia, ambako sasa ni nchi ya Sudani.

Kazi ya kupiga picha zamani hizo ilikuwa ngumu. Mpiga picha alitwaa kioo kitupu, akakimiminia dawa nzito iitwayo kolodioni, kisha gizani akakichovya katika maji yenye dawa ya fedha. Ndipo alipokitia katika kamera kingali kibichi, akapiga picha, na kurudi upesi gizani kukiosha kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Frith alichukua kamera tatu, na vioo vya ile kubwa vilikuwa na kadiri ya sentimeta 40 kwa 50. Chumba chake cha giza kilikuwa hema au gari lililofunikwa kwa nguo, na pengine kaburi la kale lililochongwa mwambani. Ndani ya hema joto lilizidi hata kolodioni ikachemka alipoimimina, na vumbi kidogo tu likiangukia kioo, kazi yote imepotea.

Mwaka wa 1859 aliandika juu ya kazi hii, akasema ya kwamba kamera husema kweli kupita kiasi. Mchoraji aweza kuliacha jambo lisilompendeza macho; kamera haiachi kitu. Frith aliona hilo kuwa mzigo, lakini aliona pia kuwa ndilo lililoifanya kazi yake iaminike. Picha zake zilitiwa katika vitabu vingi, hata katika Biblia kubwa iliyopigwa chapa Glasgow.

Faida yake imeonekana zaidi baadaye. Lilipojengwa boma kubwa la maji la Aswan, mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande na kuhamishwa juu zaidi, tangu 1964 hata 1968. Na yale ya Philae yakapelekwa kisiwa kingine. Mwenye kutaka kujua yalivyosimama mahali pake pa kwanza atazame picha za Frith.

Mwaka wa 1860 alimwoa Mary Ann Rosling, wakakaa Reigate na kuzaa watoto wanane. Hapo alianzisha kampuni iliyokusudia kupiga picha kila mji na kijiji cha Uingereza, na picha zake ziliuzwa katika maduka zaidi ya 2000. Mwaka wa 1884 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu juu ya imani, nacho kikaleta mashindano makali kati ya Marafiki wenyewe. Alifariki Cannes, nchi ya Ufaransa, mwezi wa Februari 1898. Kampuni yake iliendelea miaka zaidi ya 70 baada yake.

Basi sisi tujifunze nini kwake? Si mafundisho yake yote. Tujifunze kwanza ya kwamba mtu aliyevunjika moyo hajamaliza kazi yake duniani: kijana aliyelala mgonjwa ndiye aliyestahimili baadaye jangwa la Nubia. Tena tujifunze kutotia rangi. Sisi katika kufundisha twajaribiwa kuacha lililo gumu na kuongeza lililo tamu, ili wasikiao wapendezwe. Lakini yeye asiyeweza kwenda mwenyewe hutegemea macho ya aliyemtangulia. Tukimpa picha ya uongo, ataijuaje njia?