Munganga Wu Lien-teh, mutu aliyefungia tauni njia

Wandugu wachimba madini, mwaka 2005 tauni ya mapafu iliingia kwa wachimba almasi wa Zobia, kule Bas-Uele. Wengi wakaogopa, wakakimbia. Njo maana leo tunawaletea maisha ya munganga mumoja wa zamani.

Wu Lien-teh alizaliwa Penang, katika Malaya, mwaka 1879. Alisomea unganga Cambridge, Uingereza. Disemba 1910 serikali ya China ilimutuma Harbin, kwenye baridi kali. Ugonjwa ulianza kwa watu waliowinda marmota, munyama wa porini, juu ya kuuzisha ngozi yake. Walilala wengi katika chumba kimoja, sawa vile sisi tunabanana mu makambi.

Waganga wengi walifikiri ni mambo ya panya na viroboto tu. Wu alipasua maiti, akaelewa kwamba tauni hii ilipita kwa pumzi. Akaomba kila mutu avae barakoa ya pamba na kitambaa. Munganga Mufaransa, Mesny, hakukubali. Aliingia kwa wagonjwa bila barakoa, na kisha siku chache akafwa. Wale waliokaa karibu na wagonjwa walitengwa ndani ya mabehewa ya treni. Maiti zaidi ya 2.000 zilikosa kuzikwa juu ardhi iliganda. Wu aliomba ruhusa kwa mufalme, zikachomwa. Mwezi wa Machi 1911 Harbin ilipona. Lakini katika Manchuria yote watu karibu 60.000 walikuwa wamekufwa.

Mwaka 1921 tauni ilirudi, ikaingia kwa wachimba makaa wa Dalainor. Wu akapigana nayo tena. Mwaka 1937 alirudia Malaya, akatibu watu Ipoh, muji wa kasiterite. Alifariki mwaka 1960.

Kule karibu na Harbin, askari wa Japani walikuja kufuga tauni kama silaha. Ndege zao zilitupa viroboto vya tauni Ningbo mwaka 1940, na Changde mwaka 1941.

Wandugu, tauni itupwe na adui ao itoke porini yenyewe, kazi ni ile ile: kuonyesha mugonjwa mapema, barakoa, kutenga, pasipo kukimbia na ugonjwa mpaka kwa jamaa. Basi sisi wa sendika tunadai kila mugodi uwe na munganga, barakoa na nyumba ya kutenga wagonjwa. Na mushahara wa aliyetengwa usikatwe. Mutu mwenye watoto wanaolala njaa ataficha kikohozi chake, ataingia nacho mu shimo pamoja na sisi wote.