Ainsworth, meli za ziwa na deni la Kariakor

Neno Kariakor, ambalo majirani zetu wa Dar es Salaam hulitamka Kariakoo, ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililogeuzwa na ndimi za Kiafrika. Aghalabu tunapolitaja tunafikiria soko. Ni wachache wanaolihusisha na bandari za Karungu na Homa Bay, au na John Ainsworth, mtu aliyetawala Nyanza Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka.

Ainsworth alizaliwa Uingereza mwaka 1864. Alifika Mombasa mwaka 1889 akiwa mtumishi wa kampuni ya Imperial British East Africa, akahamia Machakos mwaka 1892, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa mji wa Nairobi. Alipokabidhiwa Mkoa wa Nyanza mwaka 1907, alisambaza mbegu za pamba, simsim na njugu, kwani aliamini kuwa Mwafrika akilima shamba lake mwenyewe angeweza kuiinua nchi. Imani hiyo haikuwapendeza walowezi.

Mazao hayo yalihitaji usafiri. Meli za Reli ya Uganda, kama vile Winifred, Sybil na Nyanza, zilizunguka ziwani na kupeleka shehena Kisumu, palipokuwa na garimoshi. Zilikuwa mali ya serikali, lakini kazi yake ilikuwa biashara.

Mwezi Agosti 1914 mambo yaligeuka. Serikali ilizifunga mizinga meli hizo za biashara, na baadaye zikawa chini ya ofisa wa jeshi la wanamaji. Mwezi Septemba Wajerumani waliingia Kisii na Karungu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori. Winifred ilipoikaribia Karungu ilikabiliwa na Muansa, chombo kidogo cha Wajerumani chenye mzinga, ikalazimika kurudi nyuma; ilikwenda tena ikiandamana na Kavirondo. Mwezi Juni 1915 meli za ziwa, mojawapo ikiitwa Rusinga kwa jina la kisiwa cha Homa Bay, zilibeba askari waliovamia Bukoba.

Bunduki peke yake hazikutosha. Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwalazimisha Waafrika kuwa wapagazi, na mwezi Machi 1917 Ainsworth aliteuliwa Kamishna wa Kijeshi wa Kazi. Kampeni yake iliwakusanya watu zaidi ya 100,000, na Nyanza ilitoa fungu kubwa kuliko mikoa mingine. Njia ile ile ya ziwa na reli iliyosafirisha simsim sasa ikasafirisha vijana waliokwenda kubeba mizigo ya vita. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi.

Haki inatudai tuseme kwamba Ainsworth alijitahidi kuboresha chakula na matibabu ya wapagazi. Hata hivyo, kwa hesabu rasmi, wapagazi wa nchi yetu waliokufa walizidi 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na utapiamlo. Baada ya vita, mishahara mingi ya marehemu haikufikia jamaa zao, na London ilikataa kuitoa fedha hiyo kwa manufaa ya Waafrika. Ainsworth alistaafu mwaka 1920, akafia Afrika Kusini mwaka 1946.

Maisha ya mtu huyu yanatufundisha kwamba wema wa ofisa mmoja hauwezi kuwa ngao ya raia pale serikali inapokuwa na mamlaka ya kuchukua vyombo na watu bila kulazimika kutoa hesabu. Meli zilihesabiwa moja moja kwa majina yake. Wapagazi walihesabiwa kwa maelfu. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina. Kukiri peke yake hakutoshi. Kaunti za Migori na Homa Bay zingefanya jambo la busara kukusanya majina yaliyosalia katika kumbukumbu za koo, na kuyaandika kwenye bandari za Karungu na Homa Bay, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.