MUYAKA BIN HAJI: MALENGA ALIYEJIBIWA

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chamani mwetu tumesifiana mno. Mtu akimaliza kusoma shairi lake, makofi pa-pa-pa, kisha anaitwa mwingine. Hakuna anayeuliza kama mizani imetimia. Basi leo nawaletea maisha ya mshairi ambaye hakuishi kwa makofi peke yake.

Muyaka bin Mwinyi Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776. Mji huo ulikuwa mikononi mwa Wamazrui, waliotawala kutoka Ngome ya Yesu. Muyaka alikuwa mtu wao wa karibu, na katika mashairi yake aliwatetea dhidi ya Sayyid Said wa Oman. Lakini msidhani alitunga siasa tu. Alitunga juu ya mapenzi, nyumba, marafiki wasioaminika, njaa na ufukara. Alipenda pia mafumbo ya kuwaumiza wasikilizaji vichwa.

Zamani hizo tungo nyingi zilizohifadhiwa zilikuwa tenzi ndefu za dini. Wataalamu humsifu Muyaka kwa kulitoa shairi misikitini na kulifikisha sokoni. Alilipa nguvu shairi la mishororo minne, lile lile linalotutoa jasho darasani: mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane huku na nane huku, na vina kati na mwisho.

Sasa hapa ndipo penye jambo langu. Shairi la namna hiyo lilikuwa kama mpira. Likipigwa, lilingoja kurudishwa. Mshairi alitoa lake, na mwenzake akamjibu. Mwenye kujibu alitakiwa kusikiliza hasa. Bila kulielewa shairi la kwanza, neno kwa neno, angejibu nini? Na kama yake yenyewe imepungua mizani, angemkosoa nani? Kukosoa kulikuwa kazi ya fundi, si kazi ya mvivu.

Tazameni vita vya Kuduhu, ambavyo wengine huviita vita vya Shela, vya mwaka wa 1812 hivi. Mombasa na Pate walikwenda kupigana na Lamu. Kando ya silaha, mashairi nayo yalikuwa yakirushwa huku na huku. Upande wa Mombasa alikuwako Muyaka. Upande wa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Kumbe watu wa Lamu ndio walioshinda! Bila shaka majibu yao yaliwachoma watu wa Mombasa. Hata hivyo, mashairi ya pande zote mbili yalihifadhiwa, na mwaka wa 1995 yakachapishwa pamoja katika kitabu kimoja huko Marekani. Leo ukitaka kumwelewa Muyaka wa vita hivyo, sharti uwasome na waliomjibu.

Mwaka wa 1837 utawala wa Wamazrui ulianguka. Muyaka aliyaona hayo kwa macho yake, na mwaka wa 1840 akafariki. Hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu wa Mombasa. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, aliyakusanya na kuyaeleza akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Mwaka wa 1940 William Hichens aliyatoa kama diwani huko Johannesburg, na mwaka wa 1979 Mohamed Abdulaziz akaandika kitabu kizima juu yake. Je, tungo zetu sisi zitakumbukwa hata muhula ujao?

Mimi mwenyewe niliwahi kupigiwa makofi, na shairi langu likabandikwa ubaoni. Wiki mbili baadaye mwanafunzi wa kidato cha kwanza akanivuta pembeni akanionyesha mishororo mitatu yenye mizani tisa upande mmoja. Niliona haya, nikamnunia. Leo namshukuru, kwani wale waliopiga makofi hawakunifunza chochote. Lakini yuko mwenzetu mwingine aliyechekwa kwa sababu Kikamba kilisikika katika matamshi yake. Tangu siku ile hajarudi chamani. Shairi lake lilihusu nini? Hakuna anayekumbuka, maana hatukulisikiliza. Ndugu zangu, kule si kukosoa. Tulimhukumu mdomo, tukaliacha shairi.

Ni kweli malumbano ya kina Muyaka yalikuwa na maneno makali, nasi si lazima tuige ukali wao. Tuige usikivu wao. Hata hapa Nunguni mambo haya si mageni. Katika mwethya, tunapochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko yetu, jirani akiona tuta lako limepinda atakuambia papo hapo. Hakuchukii! Anajua mvua ikija maji yatabomoa kwako, kisha yateremke mpaka shambani kwake. Shairi bovu tukiliacha lipite, nalo huteremka vivyo hivyo, wadogo zetu wakaliiga.

Kwa hivyo napendekeza hivi: kila shairi linalosomwa chamani lipate angalau jibu moja, kwa vina vile vile, likitaja jema moja na kosa moja. Na yule mwenzetu aliyetukimbia, twende tumwombe radhi, tumwombe na shairi lake. Safari hii tulisikilize mpaka mwisho, kisha tumjibu.

Nanyi wasomaji, mkiona kosa katika makala haya, msinipigie makofi. Nijibuni.